Mahari ya Giaboksi

Siku ya arubaini ya mume wangu, wadogo zangu wote watatu walikuja Ubena kusoma hitma. Mimi nilikuwa ndani, katika eda, pazia limeshushwa. Mjane wa eda huona kidogo na husikia kila kitu. Nilisikia sufuria zikiburutwa uani, nikasikia wanaume wakibishana barazani kama pilau ipakuliwe kabla ya dua au baada, kisha nikaisikia sauti ya Sefu, ambaye sasa ni mzee wa mkongojo, akiwasimulia vijana habari za pikapu yetu ya zamani. “Giaboksi lilikuwa linavuja,” akasema, “basi tukalipiga kalafati kama jahazi!” Vijana wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Sefu akangoja watulie, akamaliza: “Ndipo marehemu shemeji, Mungu amrehemu, alipotutengenezea giaboksi kwa pesa zake. Ndivyo alivyoingia kwetu. Mtu mkarimu yule.” Wote wakaitikia amina. Nami nilikuwa nimekaa mkekani na tasbihi mkononi, nikajikuta nimeacha kuivuta. Kila alichosema Sefu ni kweli. Ila alikisema kama mtu anayesimulia safari kwa kutaja kituo cha kupandia na kituo cha kushukia, na mimi ndiye niliyekuwa ndani ya gari.

Miaka ya sabini ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na watu watatu wa kuwalisha: Sefu, aliyekuwa na miaka kumi na minane na leseni mpya mfukoni, na Zuhura na Kibibi, waliokuwa bado wasichana wadogo wa shule. Shule mimi niliiacha darasa la sita, siku ilipobidi mtu mmoja abaki nyumbani. Jinsi wazazi wetu walivyotutoka nimekwisha kuisema mahali pengine, sitairudia. Walituachia nyumba nyuma ya soko la samaki Bagamoyo, na pikapu ya rangi ya maziwa. Sefu aliendesha, mimi nilipanga. Nilinunua dagaa na ng'onda, samaki waliokaushwa juani, kwa wavuvi, nikafunga kwenye makanda, naye akapeleka Chalinze na Ubena kwa njia ya Msata, akarudi na mahindi na mkaa. Ukitaka kujua hali ya nyumba yetu wiki yoyote, ungetazama tu sahani zetu. Gari likienda tulikula wali na mchuzi wa nazi. Lisipokwenda tulikula muhogo wa kuchemsha, na chai ya rangi ambayo Kibibi aliikoroga kijiko muda mrefu ingawa haikuwa na sukari ya kukoroga.

Gari lile lilikuwa linavuja. Si injini, si rejeta, giaboksi. Asubuhi kabla ya kunawa uso nilikuwa nachungulia chini yake, nilipotega sinia kuukuu, nikute oili ya usiku kucha. Oili ya gia ni nzito na ina harufu mbaya, ukiigusa mkono unanuka mpaka Ijumaa. Nilikuwa naichuja kwa kitambaa cha kanga, naitia chupani, na Sefu anairudisha ndani ya giaboksi kwa mpira. Tuliishi hivyo karibu nusu mwaka. Fundi wa Chalinze, Nestori, mtu wa bara mwenye kofia ya sufu isiyovuliwa hata kwenye jua kali, alikuwa ameshatuambia ukweli: sili ya nyuma, ule mpira wa kuzuia oili, imekufa, shafti imeanza kucheza, kazi ni shilingi mia moja na themanini, na gari lilale gereji wiki nzima kwa sababu sili yenyewe itafutwe Dar es Salaam. Mia moja na themanini ningezipata kwa kujibana. Wiki nzima bila gari ndiyo sikuwa nayo.

Nilikwenda kwa Baba Mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wetu, nikamwambia tuuze gari, tutafute jambo jingine.

“Gari la nani?” akaniuliza.

“Letu, baba.”

“Fungu lako ndiyo, na fungu la Sefu. La Zuhura je? La Kibibi je? Hao hawajabaleghe. Nani atanunua gari linalotiririka mafuta, kama si kwa bei ya chuma chakavu? Nikiuza mali ya yatima kwa bei ya chuma chakavu, moto wake nitaula mimi, Mwanaidi, hutaula wewe.”

“Basi tukope, tulitengeneze.”

“Ukikopea mali ya yatima, yatima ndiye anayedaiwa. Hapana.”

Hakuwa mtu mbaya Baba Mdogo. Alikuwa mtu mwenye hofu ya Mungu, na hofu ya namna ile huwezi kushindana nayo, kwa sababu inakutetea wewe mwenyewe. Alipopanda gari letu kwenda kusali Ijumaa alilipa nauli, senti hamsini, naye hakumpa Sefu, alimwekea Kibibi kiganjani kwa kuwa Kibibi ndiye mdogo kuliko wote. Gari la ndugu yake mwenyewe. Kwa hiyo hatukuweza kuliuza, hatukuweza kulitengeneza, na kuliacha pia hatukuweza. Nikitoka kwenye ukumbi wa nyumba yetu, ambao ulikuwa mwembamba na mrefu, nilikuwa naliona limesimama kwenye mwanga wa uani, mwisho wa ukumbi, limeziba mlango wa nyuma karibu wote. Kwenda chooni ilibidi upite upande upande, mgongo ukutani.

Aliyetuletea dawa ni Mzee Kombo. Alikuwa fundi wa kalafati, maisha yake yote akiziba mbao za majahazi na mashua pale ufukweni, mtu mfupi mwenye vidole vigumu kama mizizi. Alikuja kwetu kununua sifa, yale mafuta ya ini la papa ambayo nilikuwa nayauza kwa mkebe, akaliona sinia.

“Linavuja hili,” akasema.

“Linavuja, mzee.”

“Na mnalitazama tu?”

Sefu akamwambia ni giaboksi, si ngalawa. Mzee Kombo akavua kanzu, akaitundika kwenye kioo cha gari, akabaki na msuli. “We mtoto, kitu kinachovuja ni kitu kinachovuja. Kina mshono, na mshono umefunguka. Lete pamba.”

“Lakini mzee, chombo huingiza maji. Hili linatoa mafuta.”

“Kwani mlango unaokutoa nje sio unaokuingiza ndani? Lete pamba, na huo mkebe wa sifa.”

Alilala chali juu ya mkeka chini ya gari, akailoweka pamba katika sifa, akaisokota kama utambi, akaanza kuipigilia kwa patasi na nyundo ya mti kwenye maungio ya chuma. Tok, tok, tok, sauti ile ile ya ufukweni. Mtaa ukakusanyika. “Mzee Kombo, mnalishusha lini majini?” mmoja akauliza. Mwingine: “Sefu, usisahau kuchukua nanga!” Na jirani yetu Bi Fatuma, juu ya ukuta wake, akasema kuwa yeye hapandi chombo kisichotiwa jina. Nami nilicheka. Nakumbuka nilicheka sana siku ile, labda kwa kuwa ilikuwa siku ya kwanza baada ya muda mrefu mtu mzima kufanya kazi nyumbani kwetu nami nikamtazama tu. Alipomaliza pamba akapaka juu yake mchanganyiko wa chokaa na shahamu ya ng'ombe, laini kama samli. Kisha nikaona mkono wake unapapasa juu ya giaboksi.

“Na hiki kijitundu hapa? Kina kofia ya bati, na pembeni mafuta yametokeza.”

“Sijui,” Sefu akasema. “Labda kimekuja nacho kutoka kiwandani.”

“Basi kiwandani wamesahau.” Akageuza shingo, akanitazama mimi, si Sefu, kwa maana mwenye nyumba alijulikana. “Nizibe?”

“Ziba yote,” nikamwambia.

Malipo yake yalikuwa papa mkavu mmoja. Asubuhi yake sinia lilikuwa kavu. Na ya pili, na wiki nzima, na wiki tatu. Sikuwahi kujisifu katika maisha yangu kama nilivyojisifu wiki zile tatu. Nilimwambia kila mtu sokoni kuwa fundi wa Chalinze alitaka shilingi mia moja na themanini, na mimi nimelitengeneza kwa papa. Nikalisugua sinia kwa majivu na limau, nikalirudisha jikoni. Sefu naye akaacha kupima oili kila asubuhi, kwani oili ambayo haimwagiki inakwenda wapi? Siku zile lilipokuwa linavuja tulilitazama kama mtoto mwenye homa. Lilipoacha kuvuja tukalipa kisogo.

Habari niliipata kwa dereva wa lori la mkaa, aliyesimama mlangoni na kofia mkononi. “Sefu ni mzima,” ndilo neno lake la kwanza, na kwa neno hilo nikajua kuwa gari si zima. Limekufa Ubena, mbele ya mashine ya kusaga. Nikapanda lori lile lile kesho yake. Nilikuta pikapu imesukumwa ndani ya uwanja wa mashine, chini yake mchanga umekuwa mweusi kama mtu amechinja, na fundi Nestori ameshaletwa kutoka Chalinze, amelifungua giaboksi na kulilaza juu ya gunia. Sikuhitaji kuelezwa. Meno ya gia yalikuwa yamevunjika kama ya kibogoyo, na chuma kimegeuka rangi ya buluu kwa moto. Nestori alichomeka waya kwenye kile kijitundu cha juu, akavuta utambi wa pamba mrefu, akaunusa, akashangaa.

“Samaki?” akasema. “Nani kafanya hivi?”

“Fundi mmoja,” Sefu akaanza.

“Mimi,” nikasema.

Nestori hakunifokea. Laiti angenifokea. Alinieleza polepole, kama mtu anayemweleza mfiwa: “Dada, hii ni pua. Giaboksi likifanya kazi linapata moto, hewa ndani inavimba, inatokea hapa. Mmeliziba pua. Likapanda na mzigo, likachemka, hewa ikakosa njia, ikazisukuma sili zote zikatoka, na oili ikatoka nazo yote kwa mara moja. Huyu bwana mdogo hakujua, akaendesha kavu.” Akahesabu kwa vidole: gia mbili, beringi, shafti, sili zote, na nauli ya kuvifuata Dar es Salaam, ambako hata huko spea siku zile zilikuwa za kubahatisha. Shilingi elfu moja na mia nne. Dagaa wa mwaka mzima wasingefika. Na kijitundu kile kilitaka nini? Kuachwa tu kama kilivyo.

Mwenye mashine alikuwa amesimama pembeni. Bwana Salehe, mtu wa miaka arobaini na kitu, mjane, mwili mzima umejaa unga mpaka kope. Alikuwa amempa Sefu pa kulala siku mbili na uji asubuhi. Nikamwamkia, “Shikamoo,” akaweka mkono nyuma ya sikio. “Sema!” Nikarudia kwa sauti, akaitikia marahaba. Mashine ilikuwa imemla masikio. Akasema kwa sauti ya mtu anayezungumza na aliye ng'ambo ya mto kwamba gari likae pale mpaka tutakapojaliwa, yeye hataki kitu.

Miezi miwili iliyofuata nitaisema kwa ufupi kwa sababu ilikuwa inafanana yote. Nilipika vitumbua, nikaviuza dirishani. Sefu alibeba mizigo sokoni kwa watu aliokuwa akiwabebea kwa gari, nao wakamtania: “Nahodha, chombo kiko wapi?” Mzee Kombo alipita njia ya mbali asikutane nasi. Jioni moja nikamkuta Zuhura amekaa uani, pale palipokuwa pakisimama gari, mlango wa nyuma sasa uko wazi, upepo unaingia, nikamwuliza anafanya nini. “Napumzika, dada. Nikikaa jikoni nasikia njaa.” Alisema bila kulalamika, kama mtu anayeeleza mahali penye kivuli. Wali tulikuwa hatujaupika kwa wiki tano. Niliyesema “ziba yote” nilikuwa mimi, na kila sahani ya muhogo niliyoiweka chini ilinikumbusha.

Bwana Salehe alikuja Bagamoyo na wazee wawili, tukadhani amekuja kwa habari za gari. Wakakaa ukumbini na Baba Mdogo. Mimi nikaingia chumba cha ndani na wadogo zangu wa kike, tukakaa kitandani kimya, kahawa imeshapelekwa. Washenga wa watu wengine hunong'ona, huzunguka, husema wamekuja kuomba jiko au wameona ua. Wa kwetu walianza vizuri hivyo, lakini mwenyewe hakuwasikia, akadhani wamenyamaza, akasema kwa sauti yake ya mashine: “Nimekuja kumposa Mwanaidi!” Mtaa wote ukasikia. Bi Fatuma akapiga kigelegele juu ya ukuta kabla hata sijajua kama nimekubali.

Baba Mdogo akaingia ndani, akafunga mlango. “Umesikia?”

“Soko zima limesikia, baba.”

Akajaribu kutocheka. “Mimi sikulazimishi. Yatima halazimishwi. Ni mtu wa dini, ana mashine yake, kamtunza mama yake mpaka kamzika. Lakini ni Ubena, na ni mtu mzima. Ukisema hapana, nitatoka niwaambie hapana, tutakunywa kahawa, wataondoka.”

Nataka kusema kweli hapa, kwa kuwa nimeshakuwa mzee na aliyehusika amekwisha kuzikwa. Sikumfikiria yule mtu hata kidogo. Sikumfikiria uso wake wala umri wake. Niliwaza neno moja tu alilokuwa hajalitaja Baba Mdogo, nikamwuliza mimi: “Mahari ni ya nani?”

“Mahari ni ya mwanamke. Haigusi mtu, hata mimi.”

“Si mali ya yatima?”

Akanitazama, akaelewa, na nikaona amekunja uso kama aliyeumwa na jino. “Si mali ya yatima,” akasema polepole. “Ni yako. Ukiitupa baharini ni yako.”

“Basi mwambie mahari yangu ni lile giaboksi. Litengenezwe lote, lisivuje.”

Siku ya ndoa, shehe alikuja mlangoni mwa chumba changu kuniuliza ridhaa, pazia kati yetu, na hapo kukawa na shida. “Binti, mahari lazima iwe kitu kinachojulikana,” akasema. “Giaboksi sawa, chuma tunakijua. Lakini kutovuja si kitu. Kutovuja ni sifa, nayo iko mikononi mwa Mungu na mafundi. Taja kiasi.” Wanawake waliokuwa nami walifunika midomo kwa kanga. Nikataja kiasi: shilingi elfu moja na mia nne. Akaniuliza mara tatu kama inavyotakiwa, nikaitikia mara tatu. Bwana Salehe alizitoa taslimu siku ile ile, na Sefu akazipeleka kwa Nestori. Sikuzishika hata noti moja. Ndivyo nilivyotaka: hatukudaiwa, hatukufadhiliwa, na kosa langu nililipa kwa kitu changu.

Giaboksi likapona. Mimi nikahamia Ubena. Nyumba ya Bwana Salehe ilikuwa imeshikana na mashine, ukuta mmoja, na kuanzia asubuhi mpaka alasiri ukuta ule ulitetemeka na vikombe kabatini vikalia. Unga uliingia kila mahali, kwenye maji, kwenye msala, kwenye nywele. Dada yake, Bi Tatu, aliishi nasi na ndiye aliyeshika ufunguo wa ghala. Hakunitukana hata siku moja. Alikuwa akizungumza Kikwere na jirani zake uani, siku nzima, wakicheka, na nikitokea anabadili kwa Kiswahili, ananiuliza, “Unataka kitu, wifi?” Nikawa naogopa kutokea. Na mume wangu hakuwa na ubaya wowote ninaoweza kuuandika. Alirudi, alioga, alikula, aliniuliza kama nimekula. Lakini kila neno kwake lilitaka kupigiwa kelele, na mambo ya moyoni hayasemwi kwa kelele. Ungemwambiaje mtu kwa sauti ya kusikika barabarani kwamba umekumbuka harufu ya soko la samaki, au kwamba unaota wadogo zako wana njaa? Nilijaribu mara moja kumwambia nina upweke. “Una nini?” akasema. “Upweke!” Bi Tatu na jirani zake wakanyamaza uani. Sikujaribu tena. Miezi sita nilisema chumvi, maji, mlango, chakula tayari.

Mwezi wa saba niliomba ruhusa kwenda Chalinze kununua uzi, nikaenda kwa shehe wa pale, asiyenijua, nikamwuliza kama namwulizia shoga yangu: mke asiyepigwa, asiyenyimwa, lakini anayezimika, ana njia gani?

“Anaweza kujikomboa,” akasema. “Mume akikubali, mke atarudisha mahari yake, aende zake.”

“Kama mahari ameshaitumia?”

“Ataitafuta.”

Nilisimama kando ya barabara kuu, malori ya bara yakipita, na uzi mkononi. Mahari yangu nilijua iliko. Ilikuwa ndani ya pikapu ya rangi ya maziwa, inazunguka kwenye oili safi, na Alhamisi ingepita Ubena ikiwa na makanda ya dagaa. Sefu na mimi tulikuwa na mafungu yetu katika gari lile. Gari zima, linalokwenda, si chuma chakavu tena. Baba Mdogo asingeogopa moto kwa bei nzuri. Tungeliuza, Zuhura na Kibibi wangepata haki yao, na fungu langu na la Sefu lingefika elfu moja na mia nne. Hesabu ile niliipiga mara nyingi mpaka Alhamisi, na kila mara ilifika.

Alhamisi nikamwomba mume wangu nikawaone wadogo zangu siku mbili. Akakubali. Nikapanda mbele na Sefu. Nilipanga kumwambia tukifika Msata, kisha nikapanga kumwambia tukivuka mto, kisha tukiona minazi ya kwanza. Alikuwa anapiga mluzi. Alibadili gia kwa vidole viwili, bila hata kuangalia, na kila alipobadili alinitazama nione ilivyo laini. “Sikiliza, dada. Halisemi kitu.” Kweli halikusema kitu.

Tulifika mchana. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila jambo isipokuwa harufu ya wali. Siku ya kawaida, si sikukuu, si mgeni, maana hawakujua nakuja. Zuhura alikuwa anakuna nazi ya pili. Kibibi alinikimbilia, nikamshika, mikono yangu ikashangaa, alikuwa amejaa mashavu na mabega. Wakanikalisha mkekani, wakanipa kichwa cha changu, wakasema wote kwa pamoja kama zamani: Sefu amepata mzigo wa chumvi kila wiki, Zuhura ameshonewa sare mpya, Baba Mdogo bado analipa nauli, sasa shilingi nzima kwa kuwa anasema gari limekuwa zuri. Nilikula. Ulikuwa wali bora kuliko wote niliopata kula. Nikasubiri wanyamaze ili niseme. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara ya pili Zuhura akaona, akauliza:

“Dada, umekuja na neno?”

Wote watatu wakanitazama. Kibibi alikuwa bado anatafuna.

“Nimekuja kuchukua mbuzi,” nikasema. Ilikuwa pale mbele yangu, mbuzi ya kukunia nazi ya mama, Zuhura amenyanyuka juu yake hivi punde. “Kule yangu imevunjika meno.”

“Ndiyo hiyo tu?” Zuhura akacheka, akaisukuma kwangu. “Chukua, dada. Tutanunua nyingine. Sasa tunaweza.”

Sikukaa siku ya pili. Sefu alikuwa na safari asubuhi, nikapanda naye. Tuliteremka Ubena saa ya mashine, wanawake wamepanga ndoo na vikapu vyao vya mahindi, na mume wangu alikuwa mlangoni, mweupe wa unga mwili mzima. Aliniona nashuka kabla ya siku zangu kwisha, akaiona mbuzi kwapani.

“Tunazo mbili ndani,” akasema.

“Najua,” nikamwambia, wala sikupaza sauti.

Sijui kama alisikia. Alinitazama muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akasogea, akanipisha mlangoni, nikaingia.